Reli ya Mbao na Mteremko wa Kibumba

Kila Jumamosi alasiri hunijia nyumbani kwangu Batsinda wanafunzi watano au sita wanaotaka kuongezewa Kiswahili nje ya saa za shule. Hukaa barazani, maana ndani ni padogo, na kutoka hapo barazani tunaiona barabara inavyoteremka kuelekea bondeni. Batsinda ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Kigali. Wengi waliokuja kukaa hapa mnamo mwaka 2008 walihamishwa kutoka Kiyovu, katikati ya mji, wakapewa nyumba mpya kwenye mteremko huu. Jina lenyewe, kwa umbo lake, ni kitenzi cha Kinyarwanda: batsinda, yaani wanashinda. Mimi hulitumia kuwaonyesha wageni wa lugha jinsi gutsinda ya huku na kushinda ya pwani zilivyo mbegu ya tunda moja, ijapokuwa maganda yametofautiana.

Jumamosi moja ya mwaka huu binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, alileta hadithi fupi ya Kiingereza aliyopewa aitafsiri. Ndani yake watoto wawili wanakwenda pwani, wanafika kwenye bustani ya michezo, wanapanda kitu kinachowapandisha juu na kuwaporomosha chini, nao wanapiga mayowe kwa furaha. Alikuwa amekwisha kutafsiri kurasa mbili, tena vizuri, akakwama hapo.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii rola kosta Waswahili wanaiitaje?"

Nikamjibu haraka, kama tufanyavyo sisi walimu tunapoogopa kimya: "Andika pembea."

Akaandika, kisha akalifuta. "Lakini, Mwalimu, pembea huenda mbele ikarudi nyuma. Hii hairudi nyuma. Inakwenda tu mpaka iishe."

Mvulana aliyekuwa kando yake akapendekeza treni ya milimani. Mwingine akasema hapana, treni ya milimani ni treni ya kweli inayobeba abiria na mizigo, na msomaji atapotea. Wakabishana. Mimi niliyeulizwa nikanyamaza, nikawaambia tutalimaliza wiki ijayo. Walidhani nakwenda kutazama kamusi. Kwa kweli nilinyamaza kwa sababu kitu kile nilikuwa nimekwisha kukipanda, na nilipokipanda lilinitoka neno ambalo mpaka siku hiyo sikuwa nimemweleza mtu maana yake.

Nianze na lile lililo jepesi, yaani jina.

Mataifa mengi yamehangaika na jina la chombo hiki. Wafaransa, Wahispania na Waitalia hukiita milima ya Kirusi, kwa sababu chanzo chake ni vilima vya barafu vya Urusi. Warusi wa zamani walikuwa wakijenga minara ya mbao wakati wa baridi kali, wakaifunika kwa maji yakaganda, kisha wakateleza juu yake. Mwaka 1817 mchezo huo ukafunguliwa mjini Paris, katika Belleville, nao ukatumia vigari vya magurudumu badala ya barafu, na jina la Urusi likaufuata. Cha kuchekesha ni kwamba Warusi wenyewe leo hukiita milima ya Kimarekani! Wajerumani wao walitazama umbo la njia zake za kwanza, wakakiita njia ya nane, kwa kuwa njia hizo zilijikunja kama tarakimu 8. Wadenmark waliridhika na kusema njia ya kuteleza. Basi kila mmoja alichukua alichokiona kwanza: huyu nchi kilikotoka, huyu umbo, huyu mwendo. Hakuna aliyekosea. Mimi niliyeandika pembea ndiye niliyekosea, maana sikuwa nimetazama chochote.

Mimi nilikitazama kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai mwaka 2019, katika Coney Island, mwisho wa kusini wa Brooklyn, mjini New York. Mpwa wangu anafanya kazi katika mji huo, naye alinialika nikamtembelee. Siku ya Jumapili alinipakia katika treni ya mjini tukaenda nayo mpaka mwisho wa reli, tukatoka tukaiona bahari ya Atlantiki, na mbele yake umati wa watu, vibanda vya vyakula, gurudumu kubwa la kuzungusha watu lililofunguliwa mwaka 1920, na kwenye pembe ya barabara mbili mlima mweupe wa nguzo na mbao uliojisokota kama ukili. Huo ndio unaoitwa Cyclone, maana yake kimbunga.

Mpwa wangu ni mtu wa takwimu. Tulipokuwa tumepanga foleni alinieleza yote. Cyclone ilifunguliwa tarehe 26 Juni mwaka 1927, na nauli ya siku zile ilikuwa senti 25. Sisi tulilipa dola 10 kila mtu. Kilele chake kina mita 26, njia yake ina urefu wa mita 805 hivi, mwendo wake hufika karibu kilometa 97 kwa saa, na safari nzima haifikii dakika mbili. Nguzo zinazoibeba ni za chuma, lakini njia yenyewe ni ya mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na juu yake umelazwa ukanda mwembamba wa chuma ambao magurudumu hupita. Ndiyo maana husemwa ni reli ya mbao. Mbao hunepa kidogo gari linapopita, hulia, hurudi mahali pake, na mpandaji husikia kilio hicho mpaka kwenye meno. Hali kadhalika kila mwaka mafundi huzikagua na kuzibadilisha zilizochoka, hata mtu akajiuliza ni ubao gani uliobaki wa mwaka 1927.

Mahali hapo hapo Coney Island ndipo mwaka 1884 Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, alipofungua reli ya kwanza ya aina hiyo katika nchi yake. Watu walipanda ngazi mpaka juu ya mnara, wakakaa ubavu katika benchi lenye magurudumu, likawateremsha polepole, kiasi cha mwendo wa mtu anayekimbia bila haraka, mpaka mnara wa pili. Nauli ilikuwa senti 5. Kabla yake wapo waliojaribu, ila yeye ndiye aliyeifanya biashara. Baadaye, mnamo mwaka 1919, John Miller akapata hati ya haki ya uvumbuzi wa magurudumu yanayopita chini ya reli na kuikumbatia, gari lisiweze kuruka. Bila hayo magurudumu ya chini hakuna mtu ambaye angethubutu kujenga mteremko wa namna ya Cyclone, uliosimama karibu kama ukuta.

Nikamwuliza mpwa wangu: "Injini iko wapi?"

"Haina, Mjomba. Kuna mnyororo unaovuta gari mpaka kilele cha kwanza. Ukiachia, basi. Yaliyobaki ni mvuto wa ardhi tu."

Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na jambo moyoni. Kitu kinachopandishwa kwa shida na kushuka kwa uzito wake, chenye mwili wa mbao, kisicho na injini: mimi nilikijua kitu hicho tangu utotoni. Kilima cha pili lazima kiwe kifupi kuliko cha kwanza, akaendelea kunieleza, na cha tatu pia kifupi kuliko cha kwanza, kwa sababu msuguano na upepo hula nguvu njiani. Nikamjibu kwamba hilo nalijua. Akanitazama. Akaniuliza nimelisoma wapi, nami nikasema shuleni.

Sikulisoma shuleni. Nililisoma barabara ya Kibumba.

Wasomaji walio Kongo ya mashariki hawahitaji kuelezwa chukudu, lakini wale wa Dodoma na Mombasa wanisamehe nikieleza. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedeli wala mnyororo. Ubao mmoja mrefu na mzito ndio mwili. Mbele kuna usukani uliochongwa kama pembe za ng'ombe. Magurudumu yake ni madogo, nayo ni ya mbao, yamevikwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao, palipopigiliwa kandambili ili goti lisichubuke, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Penye kupanda hushuka akasukuma kwa mikono. Penye kuteremka hukaa. Breki ni kipande cha mpira kilichopigiliwa misumari nyuma, ambacho hukandamizwa kwa kisigino juu ya gurudumu. Huku kwetu Rwanda jamaa yake huitwa igicugutu. Vyombo hivi vilienea Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mobutu, magari na mafuta yalipokuwa adimu, na mpaka leo hubeba kabeji, viazi, makaa na kuni. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya njia panda.

Sisi tulikaa Kibumba, zaidi ya kilometa 20 kaskazini mwa Goma, kwenye baridi, pembezoni mwa mlima Nyiragongo. Kaka yangu mkubwa, niliyekuwa nikimwita yaya kama ilivyo desturi ya upande ule, alikuwa na chukudu aliyoichonga mwenyewe. Mnamo mwaka 1981 yeye alikuwa na miaka 19 na mimi 13. Siku ambazo hapakuwa na masomo tuliteremka pamoja alfajiri na magunia ya kabeji kwenda sokoni Goma. Yeye alishika usukani. Mimi nilikaa nyuma juu ya mzigo, kisigino tayari kwenye mpira. Kazi zangu zilikuwa mbili: kufunga breki aliposema, na kupiga kelele.

Kelele ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Chukudu iliyopakiwa mzigo haisimami kwa ghafla, hata ufunge breki mpaka kisigino kiungue. Kinachookoa ni watu kupisha. Kule pwani, kama nilivyokuja kusoma baadaye, hamali mwenye mkokoteni husema simile, simile! Sisi tulisema njia. Niliinua kichwa nikapaza sauti: "Njia! Njia!" na barabara ikafunguka mbele yetu kama kitambaa kinachochanwa. Wazee walisogea, mbuzi walivutwa kamba, na yaya alicheka bila kugeuka. Mpaka leo sijui furaha ipitayo ile, na ninasema hivyo nikiwa na cheti cha ualimu na wajukuu wawili.

Siku moja ya mvua tulipokata kona tulimwona mama amebeba mtoto mgongoni na kapu kichwani, anatembea katikati ya barabara, mgongo ametupa. Umbali ulitosha. Nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka.

Nimejieleza tukio hili kwa namna nyingi. Kwa miaka kadhaa nilijiambia kwamba nilisita kwa ajili ya lugha, kwamba nilipomwona yule mama nilidhani ni mtu wa Kinyarwanda, nikawa kati ya njia na inzira, maneno mawili yaliyo ndugu wa tumbo moja, nisijue lipi litamfikia upesi. Maelezo haya yalinifaa hata darasani. Nimeyatumia, bila kutaja asili yake, kuwaeleza walimu wanafunzi jinsi mtu wa lugha mbili anavyoweza kukwama mlangoni mwa zote mbili. Lakini nikisema kweli, niliogopa tu. Hofu ilinishika koo, na kisigino changu nacho kikainuka badala ya kukandamiza.

Yaya alipoona kimya aliupinda usukani. Chukudu ikaacha barabara, ikapanda juu ya mawe meusi ya volkano, ikapinduka. Mama hakuguswa. Kabeji zilitawanyika mteremko mzima, na watu waliokuwa wakipita wakatuokotea karibu zote. Yaya alivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Ulipona, lakini ulipona vibaya, na mpaka leo anachechemea.

Yule mama alitusogelea akiwa anatetemeka, akauliza: "Mbona hamkupiga kelele?"

Yaya, akiwa amelala pale juu ya mawe, akajibu kabla yangu: "Breki imekatika, mama. Tulishughulika na breki."

Breki haikuwa imekatika. Nyumbani alirudia maneno yale yale kwa baba. Mimi sikuyakanusha siku ile, wala mwaka ule, wala baada ya kuhamia Rwanda, wala siku yoyote iliyofuata.

Sasa turudi Coney Island. Nilikaa katika gari la nyuma kabisa. Nililichagua mwenyewe bila kufikiri, na nadhani kisigino changu ndicho kilichochagua. Mnyororo ukatushika, tukaanza kupanda, na chini ya miguu yetu vyuma vya kuzuia gari lisirudi nyuma vikawa vinagonga ta, ta, ta, ta. Kushoto niliiona bahari. Palikuwa na utulivu wa ajabu pale juu. Kisha gari la mbele likatoweka ukingoni, nasi wa nyuma tukavutwa tukaruka kutoka kwenye viti vyetu, tumbo likabaki nyuma.

Nilipiga kelele. Watu wote walipiga kelele, kwa hiyo sikujisikia. Tulishuka, tukapanda, tukapinda, tukashuka tena, mbao zikilia chini yetu, na nilipopata fahamu tulikuwa tumesimama kituoni na mpwa wangu ameinama anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mjomba," akasema, "ulikuwa ukimwomba nani njia?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba tangu mteremko wa kwanza mpaka wa mwisho nilikuwa nikipaza sauti kama mwadhini: "Njia! Njia! Njia!" Tena wale vijana wa Kimarekani waliokaa mbele yetu walidhani ndivyo wapigavyo kelele watu wa kwetu, wakaanza kuitikia: njia, njia!

Nilicheka pamoja naye. Nikamwambia kwamba mzee akiogopa husema lolote. Jioni ile, tukila samaki wa kukaanga tukiwa tumekaa mbele ya bahari, alinisimulia kisa ambacho husimuliwa sana kuhusu Cyclone: kwamba mwaka 1948 mchimbaji makaa ya mawe kutoka West Virginia, aliyekuwa amepotewa na sauti kwa miaka kadhaa, alipanda reli hii, akapiga ukelele kwenye mteremko, na aliposhuka akaweza kusema. Inasemekana neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anaumwa. Mpwa wangu aliona ni kichekesho kizuri. Mimi samaki alinikwama.

Sikusema neno. Nilirudi Kigali, nikaendelea kufundisha viambishi.

Ndipo miaka sita na zaidi baadaye binti yule akaniuliza jina. Jumatano iliyofuata nilipanda basi kwenda Rubavu, mwendo wa saa tatu na kitu, kwenda kumwona kaka yangu. Nilijidanganya kwamba nakwenda kutafuta neno. Yeye ni seremala, hufanya milango na vitanda, na pengine igicugutu akipata mteja. Nikasema moyoni kwamba mtu wa mbao ndiye atakayenipa jina la chombo cha mbao.

Nilimkuta karakanani, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akivuta picha kwa vidole apate kuona viungo. Alitaka kujua mbao zimepangwa tabaka ngapi, na kama zimeshikwa kwa misumari au kwa bolti. Alipoambiwa nguzo ni za chuma alikunja uso kidogo, kana kwamba wamedanganya. Nilimweleza kwamba katika reli nyingine za zamani, kama ile ya Melbourne ya mwaka 1912 na ile ya Copenhagen ya mwaka 1914, msafara huwa na mtu wa breki anayesafiri pamoja na abiria, ambaye hupunguza mwendo kwa mkono wake panapohitajika. Hilo lilimpendeza.

"Na katika hii yako?"

"Hii haina. Breki zimefungwa kwenye njia yenyewe, zinaongozwa kutoka chini. Ndani ya gari hakuna breki."

"Na mbele ya gari hapiti mtu?"

"Hapiti mtu, yaya."

"Basi ukikaa nyuma unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Nilianza na New York, nikaishia Kibumba. Nilimwambia kwamba siku ile breki ilikuwa nzima, na kwamba nilimwona yule mama mapema, na kwamba nilifungua kinywa. Maneno yalikuja yamechanganyika, Kinyarwanda na Kiswahili na Kifaransa cha shule, kwa namna ambayo ningemtoza mwanafunzi alama.

Alikuwa ameshika randa. Aliitua.

"Ile breki," akasema, "niliipigilia kwa mkono wangu siku mbili kabla. Misumari sita. Ulidhani mimi sijui kwamba haikukatika?"

Nikamwuliza kwa nini basi alisema vile.

"Ulikuwa na miaka 13. Na mguu ulikuwa unauma. Nilitaka yule mama aende zake, watu waache kuuliza maswali, nibebwe." Akafikiri. "Kisha niliposema mara ya kwanza, ikawa ni lazima niseme mara ya pili kwa baba. Wewe ungeweza kunisahihisha wakati wowote. Mwalimu mzima!"

Hilo la mwisho alilisema akicheka, lakini si kicheko kitupu, na sikumwomba alifafanue. Tulikaa. Mtoto wa jirani alikuja kuomba vumbi la mbao la kuku, akapewa. Baadaye akaniuliza tulipanda Cyclone kwa bei gani, nikamwambia dola 10, akataka nimbadilishie kwa faranga. Nilipombadilishia alitikisa kichwa.

"Sisi tulikuwa tukilipwa kwa kuteremka," akasema. "Wao wanalipa."

Kuhusu jina hakusita hata kidogo. Alisema ni chukudu. Tofauti yake ni kwamba imewekewa reli. Nikamwambia kwamba Mswahili wa Tanga hatalielewa. Akanijibu kwamba Mswahili wa Tanga haelewi rola kosta pia, basi na ajifunze lile lililo karibu.

Jumamosi nilipowafungulia wanafunzi barazani, binti alikuwa amekwisha kusonga mbele bila kunisubiri. Alikuwa ameandika reli ya mteremko, akaeleza kwa sentensi moja jinsi inavyopanda na kushuka, na hadithi ikaendelea bila mkwamo. Ni kazi safi, na kwa kitabu cha kusomwa Nairobi na Unguja nisingeibadilisha. Niliwapa na neno la kaka yangu, nikawaeleza limetoka wapi, na safari hii nikaeleza lote, pamoja na mama, breki na mguu. Walinisikiliza kwa kimya ambacho sikukiogopa. Kisha mvulana wa treni ya milimani akauliza swali ambalo nakiri sikulitazamia, nami ninalileta kwenu, walimu wenzangu, hasa mlio Goma, Bukavu na Bunia: katika kuandika kwa ufasaha, tuseme chukudu ya reli au chukudu la reli? Masikio yangu ya Kibumba yanataka ya. Lakini wingi wake kule tulikuwa tukisikia machukudu, na ma hiyo inalivuta neno kwenye ngeli ya gari na magari. Nimewaambia waandike ya mpaka nitakapopata barua zenu.